Tarehe 25 Desemba: Krismasi, Mwaka Mpya na kalenda zinazotuchanganya

Kila inapokaribia Desemba, makundi ya WhatsApp ya jumuiya na ya familia hapa Bagamoyo hupokea ujumbe uleule, uliokwisha kusambazwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna ajuaye ulianzia kwa nani: kwamba Yesu hakuzaliwa tarehe 25 Desemba, kwamba siku hiyo ilikuwa ya mungu jua wa Warumi, na kwamba Mkristo anayeisherehekea anaabudu sanamu bila kujijua. Baada ya siku chache huja mwingine unaohusu mkesha, ukionya kwamba asiyekuwapo kanisani saa sita usiku wa tarehe 31 ataingia mwaka mpya bila ulinzi. Pamoja na hayo lipo swali ambalo majirani zetu Waislamu huuliza kwa nia njema kabisa, nami naliona ni bora kuliko jumbe zote hizo: kwa nini Idi huhama, Pasaka nayo huhama, lakini Krismasi imekaa palepale? Nitaanza na swali hilo, kwa sababu likijibiwa vizuri, sehemu kubwa ya mkanganyiko uliobaki hufunguka yenyewe.

Kalenda ni namna ya kuhesabu siku kwa kufuata kitu kinachojirudia angani, na vitu viwili vinavyofuatwa zaidi ni mwezi na jua. Kalenda ya mwezi huanza mwezi mpya hilali inapoonekana, hivyo kila mwezi wake una siku 29 au 30, na miezi 12 huleta siku 354 au 355. Kalenda ya jua hufuata mzunguko wa majira, ambao huchukua siku 365 na takriban robo siku. Tofauti ya siku kama 11 kati ya hesabu hizo mbili ndiyo inayofanya Idi irudi nyuma kila mwaka ukiipima kwa Januari na Desemba, ingawa katika kalenda yake yenyewe haijasogea hata siku moja. Mvuvi wa hapa Bagamoyo hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa maana yeye huishi katika kalenda zote mbili: bamvua na maji mafu huzijua kwa umri wa mwezi, ilhali kaskazi na kusi huzijua kwa majira ya jua.

Krismasi imefungwa kwenye kalenda ya jua ile iliyorithiwa kutoka kwa Warumi, ambayo Julius Caesar aliitengeneza mwaka 45 K.K., yaani kabla ya Kristo, kwa kuongeza siku moja kila mwaka wa nne. Ndiyo maana haihami. Pasaka imefungwa kwenye vyote viwili, kwa sababu Injili zinasema kwamba Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na sikukuu hiyo hufuata mwezi mpevu. Kanisa likaweka kanuni kwamba Pasaka itakuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, na kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili. Kwa maneno mengine, kifo na ufufuko wa Yesu vina wakati unaojulikana katika Maandiko, na sikukuu yake inajaribu kuufuata wakati huo. Kuzaliwa kwake hakukuandikiwa wakati.

Hapo ndipo ule ujumbe wa kwanza unaposema kweli. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu, wala mwezi wake. Katika Injili nne, ni mbili tu zinazosimulia kuzaliwa kwake. Mathayo anazungumzia nyota, Mamajusi, Mfalme Herode na safari ya kukimbilia Misri. Luka anazungumzia orodha ya watu iliyoamriwa na Kaisari, hori la kulishia ng'ombe, wachungaji makondeni na malaika. Hata idadi ya Mamajusi haikuandikwa, na ule utatu tuliouzoea umetokana na zawadi zao: dhahabu, uvumba na manemane. Ni Wakristo wachache wanaojua kwamba Kanisa halijawahi kuifanya tarehe 25 Desemba kuwa fundisho la imani ambalo mtu lazima aliamini. Kinachokiriwa katika Kanuni ya Imani ni kwamba alizaliwa na Bikira Maria, na kwamba aliteswa kwa mamlaka ya Pontio Pilato. Jina la liwali limetajwa. Siku ya kuzaliwa haikutajwa.

Wengi wetu tuna bibi au babu aliyezaliwa kabla ya vyeti kuenea, ambaye alipokwenda kuandikishwa alipewa tarehe ya kukadiria, na tangu siku hiyo familia humpikia pilau tarehe hiyo. Hakuna mjukuu anayesimama kati ya sinia na kusema kwamba bibi hakuzaliwa kwa kuwa tarehe ni ya kukadiria, na wala hakuna anayefikiri kwamba karani wa uandikishaji ndiye anayesherehekewa. Tarehe imewekwa ili watu wakutane, na wanayekutana kwa ajili yake ni bibi. Krismasi nayo ni siku iliyowekwa, na kulikubali jambo hilo hakuidhuru imani kwa lolote.

Wapo waliojaribu kuutafuta mwezi wenyewe ndani ya Maandiko. Hoja inayosikika zaidi ni kwamba wachungaji wasingelala makondeni Desemba kwa sababu ya baridi ya Bethlehemu. Ni kweli kwamba Desemba huko ni majira ya baridi na mvua, lakini katika nchi kavu mvua hizohizo ndizo zinazootesha majani, na mfugaji huyafuata majani yanapoota. Hoja hiyo basi haithibitishi Desemba wala haiikanushi. Nyingine huanzia kwa Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji, ambaye Luka anasema alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya. Watu huhesabu kutoka zamu hiyo hadi kufika Septemba au Oktoba. Tatizo ni kwamba zamu zilikuwa 24, kila moja ilihudumu zaidi ya mara moja kwa mwaka, na Luka hasemi ni ipi kati ya hizo wala Elisabeti alichukua mimba muda gani baadaye. Anayehesabu kwa njia hiyo huchagua mwenyewe pa kuanzia, kisha hushangaa kwamba amefika alipotaka kufika.

Kuhusu mwaka tuna msingi mzuri kidogo, na unaleta mshangao wake. Mathayo anasema Yesu alizaliwa wakati wa Herode, na wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Herode alikufa mwaka 4 K.K. Hiyo ina maana kwamba Yesu alizaliwa miaka kadhaa kabla ya ule tunaouita mwaka wa kwanza. Hesabu ya miaka kuanzia kuzaliwa kwa Kristo ilipangwa mwaka 525 na mtawa mmoja aliyeishi Roma, Dionysius Exiguus, ambaye shughuli yake hasa ilikuwa kutengeneza majedwali ya Pasaka. Alifanya kazi kubwa kwa vifaa vichache, akakosea kwa miaka michache, na dunia nzima ikaendelea na hesabu yake. Hakuweka hata mwaka sifuri, hivyo kutoka mwaka 1 K.K. tunaingia moja kwa moja mwaka 1 B.K. Kwa hiyo mtu anayesimama mimbarani na kujenga unabii juu ya idadi kamili ya miaka tangu kuzaliwa kwa Yesu anajenga juu ya hesabu ambayo yeye mwenyewe angepaswa kuitilia shaka.

Sasa tufike kwenye mungu jua. Ushahidi wa zamani ulio wazi wa Krismasi kuadhimishwa tarehe 25 Desemba umo katika kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354, yenye orodha ambayo wataalamu wanaamini ilikusanywa mwaka 336. Orodha hiyo ni ya siku za kuwakumbuka mashahidi wa Roma, na inaanza mwaka wake kwa mstari unaosema kwamba tarehe hiyo Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Katika kitabu hichohicho, kwenye sehemu ya sikukuu za dola, tarehe hiyohiyo imeandikwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, ambaye kwa kawaida hufahamika kuwa ndiye mungu jua. Kaisari Aurelian alikuwa amemjengea mungu huyo hekalu mjini Roma mwaka 274. Kutokana na hayo, wengi walihitimisha kwamba Wakristo waliichukua sikukuu ya jua na kuibatiza. Inawezekana. Ila ujumbe wa WhatsApp hausemi kwamba ushahidi wa sikukuu ya jua kwa tarehe hiyo hauna umri mkubwa kuliko ule wa Krismasi, kwa kuwa zote mbili zinasomwa katika kitabu kimoja, na ni vigumu kusema kwa uhakika nani alimfuata mwenzake. Kuhusu Saturnalia, sherehe ya Warumi inayotajwa sana, hiyo ilianza tarehe 17 Desemba na kumalizika kabla ya tarehe 25.

Maelezo ya pili hayajulikani sana mitaani, nami nayaona yana uzito zaidi, ingawa wataalamu bado wamegawanyika. Wakristo wa karne za mwanzo hawakujali sana siku ya kuzaliwa Yesu, bali siku aliyokufa. Huko magharibi walihesabu kwamba alisulubiwa tarehe 25 Machi. Wakawa na mawazo kwamba maisha yake yalikuwa kamili, na kwamba siku aliyotungwa mimba ndiyo siku aliyokufa. Agostino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, anayataja mapokeo hayo katika kitabu chake kuhusu Utatu. Ukihesabu miezi tisa kutoka tarehe 25 Machi, unafika tarehe 25 Desemba. Mashariki, ambako walikihesabu kifo chake kuwa tarehe 6 Aprili, miezi tisa iliwafikisha tarehe 6 Januari, na Kanisa la Armenia hadi leo huadhimisha kuzaliwa na kubatizwa kwa Yesu siku hiyo. Kwamba njia moja ya hesabu inazaa tarehe zote mbili si jambo la kupuuzwa. Wakatoliki na Waanglikana bado wana sikukuu ya kupashwa habari Bikira Maria tarehe 25 Machi, na mwaka 2016 Ijumaa Kuu iliangukia siku hiyohiyo, kiasi kwamba Wakatoliki waliihamishia sikukuu hiyo Aprili.

Tuseme hata kwamba maelezo ya kwanza ndiyo sahihi. Je, chimbuko la siku ndilo linaloamua maana yake milele? Ng'ambo ya bahari yetu, Makunduchi, Waislamu huadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai, na chimbuko lake ni Nairuzi ya Waajemi, ambayo ni ya kale kuliko Uislamu. Mwaka huo wa jua ulikuwa wa siku 365, ukihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, na wakulima na mabaharia wa pwani yote waliutumia kupanga kupanda na kusafiri huku wakifunga Ramadhani kwa mwezi. Hakuna aliyeona kwamba kuhesabu miongo kulimfanya kuwa Mwajemi wa kale.

Wapo Wakristo wasioadhimisha Krismasi kabisa, wakiwamo Mashahidi wa Yehova, na wengine hutaja maneno ya Paulo kwa Wagalatia, “Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka.” Paulo huyohuyo aliwaandikia Warumi kwamba mtu mmoja hufanya tofauti kati ya siku na siku, na mwingine huona siku zote sawasawa, na kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Nadhani kauli hiyo ya pili ingetosha kumaliza ugomvi mwingi wa Desemba katika familia zenye madhehebu mawili, kama ingesomwa mara nyingi kama ile ya kwanza.

Lipo jambo ambalo sisi wa pwani hatuna budi kulitazama kwa macho yetu wenyewe. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa Bagamoyo mwaka 1868, walikuja na kalenda iliyokomaa katika nchi za kaskazini mwa ikweta. Huko, Desemba ni mwezi wa giza. Mchana hufupika hadi tarehe 21 au 22, kisha huanza kurefuka, na wahubiri wa kale waliitumia hali hiyo kueleza kwamba Kristo ni nuru inayokua. Walikwenda mbali zaidi: sikukuu ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji iko tarehe 24 Juni, wakati mchana wa huko unapoanza kupungua, na Agostino aliiunganisha na maneno ya Yohane mwenyewe, “Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua.” Ni mafundisho mazuri. Lakini Bagamoyo iko kusini mwa ikweta, na hapa mambo ni kinyume: Desemba ndiyo yenye mchana mrefu zaidi, na baada ya Krismasi mchana huanza kupungua. Tena tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwetu haifiki saa moja, hivyo wengi hata hawaioni. Kama maana ya Krismasi ingekuwa jua, basi hapa kwetu ingepaswa kuadhimishwa Juni. Haiadhimishwi Juni, na hakuna Mkristo wa pwani aliyewahi kuona tatizo, kwa sababu anayeimba usiku wa Noeli katika joto la kaskazi, shati likiwa limemganda mgongoni, haimbi kuhusu urefu wa mchana.

Kuna wengine wanaochanganyikiwa wanaposikia kwamba Waethiopia husherehekea Krismasi Januari. Kalenda ya Julius Caesar iliufanya mwaka kuwa mrefu kuliko ulivyo kwa dakika kama 11, na katika karne nyingi dakika hizo zikawa siku. Mwaka 1582 Papa Gregory XIII alirekebisha hesabu kwa kuruka siku kumi, ikawa baada ya tarehe 4 Oktoba inafuata tarehe 15. Makanisa kadhaa ya Kiorthodoksi, likiwamo la Urusi, hayakuyafuata marekebisho hayo katika sikukuu zao. Kwao siku hiyo bado inaitwa 25 Desemba. Ni sisi tunaoiita 7 Januari, kwa kuwa kalenda hizo mbili sasa zimeachana kwa siku 13. Waethiopia na Waeritrea wana kalenda yao wenyewe, yenye miezi 13, na Krismasi yao kwa kawaida huangukia tarehe 7 vilevile. Waorthodoksi wengi wa hapa Tanzania wako chini ya Patriaki wa Aleksandria, ambaye kwa Krismasi hufuata tarehe 25 Desemba kama sisi.

Mti wa Krismasi nautaja kwa ufupi. Ni desturi iliyoanzia Ujerumani, na huku pwani watu wengi huweka tawi la mvinje kwa sababu linafanana kidogo na misonobari ya huko. Wanaoupinga hutaja Yeremia sura ya 10, panaposema mtu hukata mti msituni na kuupamba kwa fedha na dhahabu. Aya zinazofuata zinaonyesha wazi kwamba nabii anazungumzia gogo linalochongwa kuwa sanamu isiyoweza kusema wala kutembea. Mvinje wenye taa ni pambo, na asiyelipenda aliache.

Pango la Noeli lina uzito tofauti, kwa sababu lenyewe ni mafundisho. Fransisko wa Asizi aliandaa moja lenye wanyama hai kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, ili watu waone kwa macho umaskini wa hori. Katika vigango vya huku, pango hujengwa kwa makuti makavu, fito za mikoko na mchanga uliobebwa kwa ndoo kutoka ufukweni, na wanyama wakikosekana watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, huwafinyanga kwa udongo, ng'ombe akatoka na nundu kama wale wa kwetu. Nimewahi kuona pango ambalo hori lake lilibaki tupu Majilio yote, yaani majuma ya kabla ya Krismasi, na Mamajusi wakawekwa mbali, juu ya kizingiti cha dirisha, kisha wakasogezwa kidogo kila baada ya ibada, wakipita nyuma ya benchi la wanakwaya, hadi wakafika kwa mtoto siku ya Epifania, sikukuu ya ujio wao. Mtoto aliyefuatilia safari ile hahitaji kuelezwa tena kwamba Krismasi si siku moja.

Na kwa kweli si siku moja, jambo linalotuleta kwenye kalenda nyingine, yaani mwaka wa Kanisa. Huu ni mpangilio wa Jumapili, sikukuu na masomo unaofuata maisha ya Kristo, kwa madhehebu yenye utaratibu huo, kama vile Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri. Mwaka huo hauanzi Januari. Unaanza na Majilio, majuma manne ya kungoja, ambayo Jumapili yake ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Kwa Wakatoliki, siku hiyo pia hubadilika Injili inayosomwa zaidi katika mwaka: Mathayo kwa mwaka A, Marko kwa mwaka B, Luka kwa mwaka C. Anayetaka kujua yuko mwaka gani agawanye namba ya mwaka kwa tatu; ikigawanyika bila baki, ni mwaka C, kama ilivyokuwa 2025, na unaofuata ni A. Kwa hiyo Mkristo anayesema anataka kuanza upya na Mungu tarehe 1 Januari amechelewa kwa mwezi mmoja, kwa hesabu ya Kanisa lake mwenyewe.

Baada ya Majilio huja Noeli, nayo huanza jioni ya tarehe 24. Majirani Waislamu hulielewa hili upesi kuliko vijana wetu wengi, kwa sababu wao pia huanza siku jua linapozama, kama Wayahudi walivyofanya na kama wazee wa pwani walivyozoea kuhesabu. Kisha Kanisa huingiza sikukuu ambazo hazilingani na shamrashamra za mitaani. Tarehe 26, wakati mji mzima uko ufukweni kwa mapumziko, humkumbuka Stefano, shahidi wa kwanza, aliyepigwa mawe. Tarehe 28 huwakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Siku tatu tu baada ya nyimbo za malaika, yanasomwa habari za mama wanaolia. Naona huo ni uaminifu mkubwa kwa watu, kwa kuwa Desemba ina misiba yake pia, na kwa mwenye msiba Krismasi iliyojaa furaha tupu haina pa kumkaribisha.

Tarehe 1 Januari yenyewe ni mwanzo wa mwaka wa kiserikali. Warumi waliwaapisha viongozi wao wakuu siku hiyo tangu mwaka 153 K.K., na katika nchi za Kikristo haikuwa mwanzo wa mwaka nyakati zote. Uingereza, kwa mfano, ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi hadi ilipobadili utaratibu mwaka 1752. Kanisa liliitambua siku hiyo kwa sababu nyingine: ni siku ya nane tangu Krismasi, siku ambayo Luka anasema mtoto alitahiriwa na kupewa jina. Walutheri na Waanglikana huadhimisha jina hilo, na Wakatoliki humwadhimisha Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968 huiombea amani dunia.

Mkesha wa kuamkia siku hiyo ni desturi njema, iliyoshamiri kwa Wamoravia na kisha kwa Wamethodisti katika karne ya 18, ambao walitaka watu wamalize mwaka wakiwa katika sala badala ya ulevi. Tatizo linaanza pale mkesha unapouzwa kama mlango ambao asiyepita saa sita kamili amebaki nje, au pale mwaka unapopewa jina la ushindi na waumini kutakiwa kutoa sadaka maalumu ili jina hilo liwahusu. Saa sita ya usiku ni mkataba wa saa. Inapogonga Bagamoyo, ndugu yetu aliyeko Accra bado ana saa tatu za mwaka wa zamani, na haiwezekani Mungu awe amemlinda mmoja na kumsahau mwingine kwa tofauti ya longitudo. Nesi wa zamu, mlinzi wa getini na mama aliyelala na mtoto mwenye homa hawajakosa chochote. Anayetafuta ulinzi wa mwaka atausikia asubuhi katika somo la kwanza la Misa ya tarehe 1 Januari, kutoka Hesabu sura ya 6: “Bwana akubarikie, na kukulinda.” Baraka hiyo ilitolewa kwa taifa zima la Israeli, walioamka na waliolala, bila bei. Na somo la pili, la Wagalatia, linasema Mungu alimtuma Mwanawe ulipowadia utimilifu wa wakati, yaani katika imani ya Kikristo wakati hutimizwa na aliyekuja, wala hautimizwi na saa ya ukutani.

Msimu huu kwa Wakatoliki hufungwa na sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mapema Januari, lakini kabla yake kuna Epifania, ambayo mapokeo huiweka tarehe 6 na nchi nyingi huiadhimisha Jumapili iliyo karibu. Siku hiyo ipo desturi ya kale, inayofuatwa bado katika baadhi ya makanisa, ya kuwatangazia waumini baada ya Injili tarehe ya Pasaka ya mwaka huo, pamoja na Jumatano ya Majivu na Pentekoste zinazoifuata hesabu yake. Mwaka 2027, kwa mfano, Pasaka itakuwa tarehe 28 Machi, na mwaka 2028 itakuwa tarehe 16 Aprili. Hapo mwezi, ambao Krismasi haikuuhitaji, unarudi katika hesabu, na jirani aliyeuliza kwa nini sikukuu moja huhama na nyingine haihami anaweza kualikwa kuja kusikia zote mbili zikitajwa katika ibada moja.